Rangi ya Dume Gizani

Kitendawili!

Umesema tega. Haya: dirisha langu halipitishi upepo, na kila nikilifungua, usiku unaingia ndani.

Umewaza kaburi? Siyo. Chungu? Siyo. Umeshindwa, basi nipe mji. Mwanza siutaki, una mawe mengi. Dar es Salaam siutaki, wana haraka. Nipe Bariadi hii hii na vumbi lake la pamba, nikae nitulie, ndipo nikwambie kuwa ni runinga. Siyo ile ya zamani iliyokuwa inang'aa kama sufuria iliyosuguliwa kwa majivu. Ni ya siku hizi, ambayo watu wanaikodolea macho mpaka machozi yanawatoka, na mwisho wake hawajui aliyekufa ni nani.

Kwa dirisha la namna hiyo, mtoto wa watu alikuwa anaelekea kupewa kesi ya kunyongwa.

Mtoto huyo ni Mihayo. Jumapili asubuhi, Sajini Felisita alimkuta mahabusu ameketi sakafuni, magoti yamefika kidevuni. Jioni ya Jumamosi, mvua ilipokuwa imeshika kasi, Mzee Maduhu, mlinzi wa mazizi ya mnadani, alikutwa kifudifudi kwenye matope, kisogo kimepasuka. Kando yake palikuwa na fimbo ya kuchungia. Kila mtu mnadani aliijua ile fimbo. Ilikuwa ya Mihayo, aliyekuwa akimsaidia mzee kunywesha ng'ombe.

"Mvua ilipoanza ulikuwa wapi?" Felisita aliuliza.

"Kwenye banda la video la Josia, afande. Naangalia tamthilia ya Jumamosi."

"Na fimbo?"

"Niliiacha zizini. Josia hataki fimbo ndani, anasema tunatoboa watu macho."

"Kwenye hiyo tamthilia uliona nini?"

"Giza."

"Sikuulizi habari za humu mahabusu. Nauliza tamthilia."

"Ndiyo hiyo hiyo ninayokujibu. Giza. Watu walikuwa wanaongea, mmoja akalia, halafu kitu kikapita. Kilikuwa kikubwa. Halafu likaja tangazo la sabuni. Hilo tuliliona vizuri."

Felisita alimtazama. Kijana hakuinamisha macho. Lakini jibu lake lilikuwa bovu, bovu kama yai la wiki jana, na yeye mwenyewe alionekana kulijua.

Ofisini, Inspekta Anatoli, mkuu wake, alikuwa na mgeni. Mgeni huyo ni Sylvester, dalali wa ng'ombe, mtu wa suti hata Jumapili isiyokuwa na misa. Alikuja kwa miguu yake kutoa ushahidi, na Anatoli alikuwa amemwagizia chai.

"Msimulie na sajini," Anatoli alisema. "Uliyonisimulia mimi."

"Nilikuwa kwa Josia, benchi la nyuma kabisa," Sylvester alianza. "Huyo kijana sikumwona. Mimi nilikuwa nimetulia na tamthilia yangu. Afande, jana walionyesha vizuri! Wezi wanaingia zizini kwa yule mzee wa kwenye tamthilia. Mkewe anawasikia, anataka kupiga yowe, mmoja anamziba mdomo. Halafu wanalitoa dume. Dume jekundu, limeshiba, kifua cheupe, pembe ya kushoto imeinamia jicho, na paja la nyuma lina baka jeupe mfano wa kiganja cha mtoto. Dume la kulipia mahari, lile! Roho iliniuma."

"Likaenda wapi?"

"Wakalivusha mto. Ikaisha hapo. Mvua ilikuwa inanyesha vibaya, nikaenda kulala kwa mdogo wangu Nancy, nyuma ya hospitali. Asubuhi ndipo nasikia mzee wetu ameuawa." Alitikisa kichwa. "Maduhu alikuwa baba wa kila mtu pale mnadani."

Dalali alipoondoka, Anatoli alipangusa kikombe chake kwa leso.

"Umesikia. Mmoja ameona mpaka pembe iliyoinama. Mwingine ameona giza. Nani alikuwa kwenye video, sajini?"

"Na mikono ya marehemu?" Felisita aliuliza. "Viganja vilikuwa vyeusi. Daktari anasema siyo damu wala matope."

"Mlinzi anaota moto wa mkaa. Ulitaka viganja vyake viwe vyeupe?"

"Kwenye lindo lake hapakuwa na mkaa, afande. Nilipita."

"Kesho asubuhi karandinga linaondoka na Mihayo. Kesi ya mauaji haina dhamana, na mimi sina mtuhumiwa mwingine. Ukinipatia mwingine kabla ya hapo, nitakushukuru. Usiponipatia, usiniletee habari za viganja."

Nje ya kituo, chini ya paa lililokuwa bado linadondosha maji, alikaa mama yake Mihayo, Elina wa Ipililo. Alikuwa amekumbatia chupa ya uji kama anayemkinga mtoto na baridi. Wingu lilikuwa limelala juu ya mji, na mtu angedhani jioni imeamua kuamka badala ya asubuhi.

"Mwangaluka, mayu," Felisita alimsalimu kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, mwanangu. Amekula?"

"Atakula. Mama, Mzee Maduhu alikuwa na ugomvi na mtu?"

Elina alifikiri. "Ugomvi hapana. Ijumaa alipita kwangu kununua mchicha. Akaniambia, 'Elina, siku hizi kuna ng'ombe wanaopakwa wanja kama maharusi.' Nikacheka. Nikamuuliza maharusi wa wapi. Akasema, 'Subiri mvua inyeshe, utamwona uso.'"

"Alimtaja mwenye ng'ombe?"

"Maduhu? Yule hakutaja mtu mpaka awe na hakika. Alikuwa na mdomo mzito kuliko lango la zizi." Kisha mama huyo alishika mkono wa Felisita. "Wananiambia mwanangu angesema ameona chochote kwenye hiyo video, angekuwa nyumbani sasa. Hivi nimefanya kosa kumfundisha asiseme uongo?"

Felisita alichukua chupa ya uji, akaipeleka ndani mwenyewe, kisha akashika njia ya kwa Josia.

Tamthilia ile ina marudio Jumapili saa nane mchana. Banda la Josia ni la mabati, limesimama karibu na kiwanda cha kuchambua pamba, na mabati yake yana matundu kama chujio. Mchana jua likiwaka, watazamaji wanakaa na vidoa vya mwanga migongoni kama chui. Siku hiyo jua halikuwepo, lakini taa ya mlangoni ilikuwa inawaka. Serikali ya mtaa ilimwamuru Josia aiwashe wakati wote, sababu ya vibaka.

"Sajini, karibu uone msiba wangu," Josia alimlaki. Alikuwa mtu mnene mwenye huzuni ya kudumu. "Hii runinga fundi ameifungua, akaifunga, akaifungua tena. Anasema ni nzima. Mpira wanauona. Taarifa ya habari wanaiona. Ikifika hiyo tamthilia, wananitukania mama yangu."

Felisita alikaa benchi la nyuma kabisa, pale Sylvester alipodai kukaa. Muziki ulipigwa. Kioo kikawa cheusi, na katika weusi ule alijiona yeye mwenyewe: kofia yake, taa ya mlangoni nyuma ya bega lake, na vichwa vya wazee wa ng'ombe waliokuja kurudia kile ambacho jana hawakukiona. Sauti zilinong'ona. Mwanamke alishtuka. Kitu kikubwa kikapita.

"Punda huyo," alisema mzee mmoja.

"Punda ana pembe?"

"Hizo siyo pembe, ni miti."

"Miti inatembea?"

"Mnyamaze! Huyo ni mtu amejifunika blanketi!"

Felisita alisimama akapaza sauti. "Wazee wangu, shikamooni. Nyie mmezaliwa katikati ya ng'ombe, mtazikwa na ngozi zao. Nani ataniambia rangi ya dume lililopita sasa hivi?"

Ni aibu kubwa Msukuma kuulizwa rangi ya ng'ombe akakosa. Kwao ng'ombe hana jina jingine zaidi ya koti lake, yaani rangi na mabaka yake. Mmoja alijaribu, "Jeusi." Wa pili akasema, "La kijivu." Wa tatu, mkongwe kuliko wote, alisonya.

"Mjukuu wangu, hapo unatuonea. Hata Mungu angemuumba ng'ombe humo, angempapasa."

Wakacheka, ila kicheko chenyewe kilikuwa kikavu. Felisita alimvuta Josia kando.

"Jumamosi ilikuwa hivi hivi?"

"Zaidi. Na mvua juu. Walipiga kelele mpaka nikapanda kwenye paa kugeuza dishi, nikidhani tatizo liko huko. Nimelowa mpaka kwenye mifupa."

"Ulikaa juu muda gani?"

"Muda wote. Nageuza huku, wananiambia bado. Nageuza kule, bado. Nikashuka nyimbo za mwisho zinapigwa."

"Mlangoni nani alikuwepo?"

"Mungu."

"Sylvester, dalali, alikuja?"

"Alikuja, ndiyo. Kabla haijaanza alinunua soda, akasalimia watu wote kwa majina, akakaa pale ulipokuwa umekaa." Josia alikuna kidevu. "Kutoka, sikumwona, na huyo Mihayo naye siwezi kumwapia kama alikaa mpaka mwisho. Lakini ningemwonaje? Mimi nilikuwa juu, na hawa macho yao yalikuwa mbele yanatafuta punda."

Felisita aliitazama ile nafasi. Benchi la nyuma, mlango umbali wa kunyoosha mkono, na kila shingo imegeukia kioo. Hapakuhitajika ujanja kutoka. Palihitajika kusimama tu.

Lakini swali lilibaki. Mtu akitoka, dume amelionaje? Kwenye simu yake ya mfukoni? Felisita alitoa simu akatafuta namba ya kituo cha runinga, Dar es Salaam. Alipitishwa kwa watu wanaocheka, kisha kwa watu walionuna, mpaka akamfikia Paschal, mhariri wa picha wa tamthilia hiyo.

"Ndugu yangu, mbona kazi yenu giza?"

Paschal alishusha pumzi ya mtu aliyeulizwa hilo mara nyingi. "Siyo giza, afande. Ni hali."

"Huku kwetu hatulipi kuangalia hali, tunalipa kuangalia video."

Paschal akacheka bila kutaka. "Sawa. Zamani kamera ilikuwa haioni bila taa kubwa, kwa hiyo tulimwaga taa. Kamera za sasa zinaona hata kwa kibatari. Basi mwongozaji anasema taa za nini, usiku uwe usiku. Tena siku hizi kazi ikiwa na mwanga sana wenzetu wanaiita ya vichekesho. Mimi huku naipanga rangi kwenye chumba kilichozibwa, mbele ya kioo cha gharama. Kwangu naona mpaka jasho la mwigizaji. Halafu picha inaminywa ili ipite kwenye satelaiti, na inapominywa, sehemu za giza ndizo zinazoumia kwanza, zinagandana kama masizi. Halafu inafika kwenye kioo kizee, taa inawaka, mlango uko wazi. Utaona nini? Hata mama yangu Tabora alinipigia kuniuliza kama tulikatiwa umeme."

"Mtandaoni mmeiweka? Mtu angeiona kwenye simu?"

"Bado, mpaka ifike Jumatano. Mpaka sasa imeonekana kwenye runinga tu."

"Mtu akitaka kuliona lile dume vizuri, rangi na pembe, afanyeje?"

"Awe na kioo kipya kizuri. Afunge mapazia, azime taa. Na kama ameikosa ilipokuwa inaruka, awe na king'amuzi kile kinachohifadhi vipindi."

"Nikuulize la mwisho. Dume lenyewe lilikuwa rangi gani?"

"Dume?" Paschal alisita. "Ng'ombe tu, afande. Wa kahawia."

Felisita alikata simu. Paschal aliitengeneza ile picha kwa mikono yake, na kwake ilikuwa ng'ombe tu. Sylvester yeye alikuja kituoni kusimulia habari za wezi na mke wa mzee, na alipofika kwenye dume, ulimi ukamponyoka kama ulimi wa Msukuma yeyote. Hakuweza kumpitisha ng'ombe mdomoni bila koti lake. Angesema "wakaiba dume" akanyamaza, angekuwa salama mpaka leo.

Nyumba ya Nancy ilikuwa ya matofali ya kuchoma, safi, ina ua wa michongoma. Nancy mwenyewe ni muuguzi, msichana mwembamba mwenye sauti ya chini. Kwenye kamba uani palikuwa na nguo za kazi na shati moja la kiume, jeupe, limefuliwa likarudiwa. Kwenye pindo la mkono wake, weusi uligoma kutoka. Felisita alilisogelea, akalishika, akalinusa. Masizi na mafuta, kama ya mtu aliyeshika sufuria. Au aliyeshika ng'ombe wa wizi aliyepakwa wanja ili koti lake lisijulikane, mvua inamwosha.

Kumbe viganja vya Mzee Maduhu vilikuwa vimepata ushahidi wao kabla hajafa.

"Karibu, dada," Nancy alisema kutoka mlangoni. Aliona mkono wa Felisita ulipo.

Sebuleni runinga ilijaza ukuta. Kaka yake ndiye aliyemnunulia alipoajiriwa. Kaka huyo huyo aliuza ng'ombe baada ya ng'ombe mpaka Nancy akamaliza chuo. Nancy aliyasema haya bila kuulizwa, huku anapanga vikombe ambavyo tayari vilikuwa vimepangwa.

"Jumamosi kaka yako alilala hapa?"

"Ndiyo. Alikuja mapema. Tuliangalia tamthilia pamoja, ilipokuwa inaruka."

"Hapa hapa?"

"Hapa hapa. Alikaa kwenye hilo kochi ulilokalia. Hakutoka kabisa."

Felisita alikuwa anamwonea huruma, na huruma ile haikumsaidia mtu.

"Mdogo wangu, asubuhi kaka yako ameapa mbele ya mkuu wangu kwamba ilipokuwa inaruka alikuwa kwa Josia. Josia naye alimwona anaingia. Sasa wewe unaniambia alikuwa hapa. Nimwite mwongo nani kati yenu?"

Nancy alirudisha kikombe kwenye kisahani.

"Labda nimechanganya," Nancy alisema.

"Labda. Hebu niwekee, niione na mimi. King'amuzi chako kinahifadhi, siyo?"

Nancy alichukua rimoti. Mkono wake ulifahamu njia. Felisita alinyanyuka, akafunga mapazia, akazima taa. Chumba kikawa cheusi, na kile kioo kikafunguka kama mlango wa nyumba nyingine. Alimwona yule mzee wa tamthilia amelala. Aliona mkewe anavyokaza shuka kwa vidole. Wezi waliingia zizini, matope yakiwang'ang'ania miguuni, na lile dume likatoka: jekundu, kifua cheupe, pembe ya kushoto imeinamia jicho, na kwenye paja la nyuma baka jeupe mfano wa kiganja cha mtoto.

"Simamisha hapo."

Dume likasimama ukutani, linawatazama wote wawili.

"Kaka yako alinieleza hili dume nywele kwa nywele," Felisita alisema. "Kwa Josia wazee wa ng'ombe walilidhania punda. Aliliona hapa, Nancy. Hilo sikuulizi, nalijua. Alikuja hapa amelowa, shati lina masizi, ukalifua. Nalo sikuulizi. Nakuuliza kitu kimoja. Alipoingia, kabla hamjakaa kuangalia, alikwambia nini?"

Mwanga mwekundu wa dume ulikuwa umemlalia Nancy usoni.

"Unajua kaka alinisomesha kwa nini?" alisema hatimaye. "Baba alipokufa, wajomba walitaka niolewe. Yeye ndiye aliyekataa. Alikuwa bado kijana, hana hata baiskeli. Akawaambia, huyu hatoki hapa kwa ng'ombe, ng'ombe ndio watakaotoka kwa ajili yake."

"Naamini."

"Sasa mimi ndiye nimfunge?"

"Mimi ndiye nitakayemfunga. Wewe nakuuliza tu alisema nini."

Mvua ilianza tena, taratibu, kwenye bati. Nancy alipangusa pua kwa mgongo wa mkono, kama mtoto.

"Huyo mliyemkamata," aliuliza, "ana mama?"

"Anaye. Yuko nje ya kituo tangu jana. Anauliza kama amekosea kumfundisha mwanawe kusema kweli."

Nancy aliitazama rimoti mkononi mwake. Alibonyeza, dume likatoweka, chumba kikabaki hakina kitu isipokuwa pumzi zao. Felisita hakuwasha taa. Hakumhimiza. Alingoja, kama anavyongojwa mtu aliyeko kisimani, kamba imeshuka na hajaivuta.

"Alisimama pale mlangoni anachuruzika maji," Nancy alisema. "Nikamwambia kaka vua shati utaugua. Hakunisikia. Alikuwa anaitazama runinga tu. Akasema, 'Nancy, niwekee ile ya leo. Ianze mwanzo kabisa. Hiyo sijaiona.'"